Barafu ilibaki kilo 18: kisa cha kupima joto la ukuta wa stoo ya viazi Molo

Saa tisa mchana tulikuwa tumezima pampu iliyokuwa inapitisha maji ya barafu ndani ya ukuta wa stoo tupime ukuta unatoa joto kiasi gani, mimi niko kwa kigoda nanakili namba kutoka kwa laptopu na roho imejaa furaha, ndio mama aliyetuletea barafu kutoka kituo cha kupozea maziwa akaja kuchukua masanduku yake. Akafungua moja akachungulia. "Fundi, hii iliyobaki mnaitumia kesho ama nirudi nayo?" Nikamwambia rudi nayo tu mama, tumemaliza. Akasimama kidogo. "Lakini si ulisema itaisha yote, hata tukaogopa haitatosha?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Tukaiweka kwa mizani ya viazi, kilo 18. Yaani kati ya kilo 60 tulizoleta ni 42 peke yake zilikuwa zimeyeyuka, na kwa hesabu iliyokuwa kwa laptopu zilifaa kuyeyuka 54. Kilo 12 hazipotei hivi hivi. Hizo kilo 12 ndizo zimenifanya niandike hii yote, juu bila huyo mama kuuliza tungepeleka kwa kikundi namba ambayo ingewafanya wanunue mashine ya kuvuta joto kubwa mara tatu ya ile wanayohitaji, na pesa ya kikundi cha wakulima si ya kuchezea.

Kwanza mjue stoo yenyewe. Iko upande wa Molo, kaunti ya Nakuru, kule juu baridi ya usiku inakufanya ulale na soksi. Ni handaki fupi limechimbwa ndani ya mteremko, urefu mita 11, upana mita mbili na kitu, mtu mrefu anasimama wima. Kikundi kimeweka viazi humo miaka mingi, lakini ukuta wa mawe ulikuwa umeanza kudondoka, ikabidi waweke zege jipya. Kando ya stoo wana nyumba ya vifaranga na hapo ndio shida kubwa iko, kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 na usiku wa Molo uko 10 ama chini, kwa hivyo wanatumia jiko la makaa na balbu nyekundu za wati 250, moshi unasumbua vifaranga, bili ya stima inasumbua watu. Wazo likaja, kama tunamwaga zege jipya si tufunge paipu za maji ndani ya ukuta, tuvute joto la udongo, tulipeleke kwa vifaranga, na stoo nayo ipoe kidogo viazi visichipue haraka.

Sasa ukitaja joto la ardhini kwa mtu wa Nakuru anafikiria Olkaria au Menengai, mvuke unapiga kelele. Mwenyekiti wa kikundi aliniuliza siku ya kwanza, "Kijana wangu, kwani hapa kwetu pia kuna mvuke?" Nikamwambia hapana mzee, hii ni kitu nyingine kabisa. Olkaria imetoa stima tangu 1981 na visima vyake vinaenda chini hadi kilomita mbili, tatu, joto lake ni la kuzungusha mtambo. Sisi tunaongea juu ya udongo wa mita chache tu, nyuzi 16 au 17 mchana na usiku, masika na kiangazi. Ukiugusa hausikii joto. Lakini pampu ya joto, ambayo ni friji imegeuzwa tu, inaweza kunyonya hilo joto dogo kutoka kwa maji ya nyuzi 8 au 9 na kulitoa upande wa pili kama maji ya nyuzi 40. Friji yako nyumbani inafanya hivyo kila siku, shika zile paipu nyembamba za nyuma uone.

Na kuweka paipu ndani ya kuta za handaki si kitu tulitunga sisi. Kule Austria, handaki la reli la Jenbach, bonde la mto Inn, kuna mita 54 za handaki ambazo vipande vyake vya zege vilitengenezwa na paipu ndani, na zinatoa kilowati 40 hivi za kupashia moto majengo ya halmashauri ya mji. Stuttgart, Ujerumani, walifunga paipu kwa sehemu mbili za mita 10 kila moja kwa handaki la treni la Fasanenhof wakaanza kupima. Turin, Italia, watu wa Politecnico di Torino walijaribu kwa pete mbili (vipande vya zege vinavyozunguka ukuta wote) za handaki la metro, kwa kile kipande cha Lingotto hadi Bengasi ambacho abiria walianza kukitumia 2021, na wakaweka paipu zingine karibu na udongo na zingine karibu na hewa ya handaki ili wajue joto linatoka upande gani. Hilo swali la upande gani, mlishike, ndilo lilitushinda sisi.

Tulianza na mita tatu kati ya zile 11. Ukipima kuta mbili pamoja na dari la mviringo unapata kama mita 6 kuzunguka, kwa hivyo eneo ni mita mraba 18. Tulifunga paipu ya plastiki ya milimita 20 kwa waya ya BRC, ile neti ya chuma inayowekwa ndani ya zege, ikipanda na kushuka kama nyoka, tukaijaza maji tukaiweka presha usiku mzima kabla ya zege, na presha ikabaki wakati wa kumwaga ili ikitoboka tuone geji ikishuka hapo hapo. Haikutoboka. Zege unene sentimita 15. Hiyo kazi ilienda vizuri na mafundi wa pale wanastahili sifa.

Siku ya tisa baada ya kumwaga zege tukapima. Hatukuwa na pampu ya joto bado, ndio maana ya barafu. Tuliweka maji kwa pipa tukalizungushia mablanketi, tukawa tunaongeza barafu kidogo kidogo ili maji yanayoingia ukutani yabaki nyuzi 6, kipampu cha wati 50 kinasukuma, maji yanapita ukutani yanarudi. Sensa moja, yaani kile kifaa kidogo cha kusoma joto, pale maji yanapoingia, nyingine pale yanaporudi. Kuanzia saa tano hadi saa tisa, masaa manne. Maji yakarudi na nyuzi 9.1. Mtiririko nilipima na ndoo na saa ya simu, lita 6 kwa dakika.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita 6 kwa dakika ni lita 0.1 kwa sekunde, kila lita ikipanda nyuzi moja imebeba kilojuli 4.19, tofauti ni 3.1, unapata kama wati 1,300. Gawanya na 18, wati 72 kwa kila mita mraba. Nilifurahi sana, nakiri. Kwa stoo nzima hiyo ni karibu wati 4,750, na kikundi kilikuwa tayari kimeletewa bei ya pampu ya joto ya kilowati 5.

Lakini ningekuwa na akili ya kutulia ningejiuliza Jenbach wanapata ngapi. Handaki lile lina kipenyo cha kama mita 12, kwa hivyo mita 54 zake ni kama mita mraba 2,000, na kilowati 40 ukigawa hapo ni kama wati 20. Ishirini! Kwa handaki la reli lililofanywa na watu wenye hesabu zao. Sisi na BRC yetu tumepata 72? Namba ikizidi ya wenzako mara tatu na nusu, usiitangaze kabla hujaitafutia kasoro.

Turudi kwa barafu basi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334, na hayo maji yake kupanda hadi nyuzi 6 yanameza zingine 25. Wati 1,300 kwa masaa manne pamoja na joto la pampu yenyewe zilifaa kula kilo 54. Zimeliwa 42. Kwa hivyo kuna joto lililokuwa kwa karatasi ambalo halikuwahi kufika kwa pipa, na barafu haina sababu ya kudanganya.

Usiku huo nilichukua zile sensa mbili nikazifunga pamoja na raba, nikazitumbukiza kwa thamosi moja ya maji, nikafunika. Maji ni yale yale, sensa zinagusana. Moja ikasoma 14.1, nyingine 14.5. Nikakoroga, nikangoja, bado 14.1 na 14.5. Hizi sensa ndogo za bei rahisi zinaandikwa zinaweza kukosea nusu nyuzi na hiyo si kosa la muuzaji, ni vile zilivyo. Ukipima joto la chai nusu nyuzi haina maana, lakini ukiwa unapima tofauti ya nyuzi 3, hiyo 0.4 ni zaidi ya sehemu moja kwa nane ya jibu lako lote. Na ile iliyosoma juu ndiyo ilikuwa kwa maji ya kurudi. Kwa hivyo tofauti ya kweli ilikuwa 2.7.

Asubuhi nikapima mtiririko tena na ndoo ile ile. Lita 5.3. Nikafungua koki ya juu ya dari, ikapiga miluzi ikatema hewa karibu nusu dakika. Hewa ilikuwa imejikusanya kwa ile kona ya juu kabisa ya paipu ikabana maji, na mimi nilikuwa nimepima mara moja tu, mwanzoni, nikaamini itabaki hivyo siku nzima.

Weka 2.7 na lita 5.3, unapata karibu wati 1,000. Ongeza joto la pampu, piga masaa manne, gawa kwa barafu: kilo 42. Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikiwa nimekaa kwa gunia, na kila mara ikakuja 42. Nikampigia mama simu nikamshukuru.

Wenzangu wawili wakasema basi tumemaliza, wati 1,000 kwa 18 ni 55, bado ni namba nzuri, tuandike ripoti. Hapo ndipo tulibishana sana na naona ndio sehemu ya maana kuliko zote. Barafu ilitushikia makosa ya aina moja, joto ambalo halikuja kabisa. Lakini kuna aina ya pili, joto ambalo limekuja kweli, barafu imeyeyuka kweli, ila halikutoka kwa udongo. Hilo barafu haiwezi kukuambia.

Angalieni paipu ya kurudi. Kutoka mlango wa stoo hadi kwa pipa ni mita 7, paipu nyeusi, imelala kwa nyasi, jua la saa sita la Molo linapiga wima na mawingu hayakuwepo. Sensa ya kurudi nilikuwa nimeifunga kwa pipa, si pale paipu inapotoka kwa zege. Tukikadiria kivuli cha hiyo paipu na nguvu ya jua, ni wati 100 na kidogo, hivi 110, ambazo tulizihesabu kama za udongo na ni za jua. Usiku wakati vifaranga wanataka joto hilo jua haliko.

Kubwa kuliko hilo ni zege lenyewe. Tulikuwa tumezika sensa moja katikati ya unene wa zege na kwa bahati nilikuwa nimeihifadhi data yake bila kuiangalia. Saa tano ilikuwa 18.2, saa tisa 16.9. Ukuta umepoa nyuzi 1.3. Sasa zege letu ni kama mita za ujazo 2.7, na mita moja ya ujazo ya zege ikipoa nyuzi moja inatoa kama megajuli 2.2. Pigeni wenyewe, ni karibu megajuli 7.7, na ukizitandaza kwa masaa manne ni wati 530 hivi. Zaidi ya nusu! Zaidi ya nusu ya joto lote tulilovuta ilikuwa ni ukuta unatoa akiba yake, kama mtu anakula mbegu akidhani ni mavuno. Ungeendelea siku mbili akiba inaisha na namba inaanguka.

Alafu kwa nini ukuta ulianza na 18.2 wakati udongo pale ni 16.5? Zege la siku tisa bado ni changa, simiti ikishikana na maji inatoa joto lake, nyingi siku za kwanza lakini inaendelea pole pole baadaye. Tulienda kupima joto la udongo kwa ukuta ambao bado unajipasha wenyewe. Hii nasema kwa kila mtu anayefikiria kupima zege jipya, ngojeni. Sisi tulikimbia juu kikundi kilikuwa kinasukuma, na mimi ndiye nilifaa kukataa.

Viazi pia vilikuwa humo, karibu tani nne zimevunwa juzi, na kiazi kinapumua, tani moja kwa joto la stoo hiyo inatoa wati 20 hadi 35 na ikiwa imevunwa juzi inaweza kupita. Hiyo sikuitoa kwa hesabu kwa sababu viazi ndio wenye stoo, vitakuwepo, ila si kila mwezi.

Toa ukuta, toa jua, kwa zile wati 1,000 zinabaki kama 350. Gawa kwa 18, karibu 20. Tukatazamana.

Lakini 350 ya kukadiria si kipimo, kwa hivyo tukarudi baada ya wiki tano, viazi vimeuzwa, stoo tupu, ukuta umetulia 16.5. Barafu ya siku tisa mfululizo haingewezekana, ungehitaji lori, kwa hivyo tukageuza jaribio, badala ya kuvuta joto tukaingiza. Visima virefu vya kuvuna joto hupimwa hivyo, unaingiza joto unalolijua unaangalia maji yanapanda kiasi gani. Tulichukua chombo cha lita 20, ndani hita ya tanki la samaki ya wati 200 na kile kipampu cha 50, vyote kwa mita moja ndogo ya stima ili tusitegemee sensa kujua tumeingiza ngapi, tukakizungushia vipande vya godoro la sponji, na kikakaa ndani ya stoo, hakuna paipu ya jua. Sensa zikafungwa pale paipu inapoingia na kutoka kwa zege. Mlango ukafungwa, ufunguo akakaa nao mwenyekiti.

Siku ya kwanza maji yalipanda haraka, ya pili pole pole, kuanzia siku ya sita grafu ikawa karibu imelala. Siku ya tisa wastani wa maji ulikuwa 25.5, yaani nyuzi 9 juu ya udongo, kwa wati 250. Geuza sasa, ukivuta maji yakiwa nyuzi 9 chini ya udongo, wastani 7.5, ambayo ndio ilikuwa hali ya jaribio la barafu, utapata kama hizo hizo 250. Gawa kwa 18 ni wati 14 kwa mita mraba. Si 72. Na hiyo 14 naweza kulala nayo, juu udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mkavu na mwepesi, haupitishi joto kwa haraka, wakati Turin kuna maji yanatembea chini ya ardhi yanaleta joto jipya kila saa.

Kwenye mkutano mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu, "Kwa hivyo ile namba ya kwanza mlitudanganya?" Nikasimama nikasema mzee, tulikosea, na nikaonyesha kila kosa liko wapi na ni la wati ngapi. Walinyamaza. Kisha yule mama wa barafu akauliza swali moja zuri kuliko yote, hiyo 14 ni sawa na balbu ngapi? Nikamjibu, stoo nzima ni mita mraba 66, kwa hivyo 900 na kitu kutoka kwa udongo, pampu ya joto inaongeza stima yake kama 450, jumla karibu 1,400, ni balbu tano na nusu, na stima unalipa ya balbu mbili hivi. Akasema balbu tano zinatosha vifaranga wake, zingine alikuwa anawasha kwa sababu ya upepo kwa dirisha.

Ile bei ya kilowati 5 wameikataa. Ingenunuliwa ingevuta maji hadi yakaribie kuganda, ijizime, iwake, ijizime, na viazi vya upande wa ukuta vingepigwa na baridi chini ya nyuzi 4 vikawa vitamu vibaya na kuwa vyeusi kwa mafuta, na hakuna mwenye kibanda cha chipsi Nakuru mjini angevinunua tena. Wanatafuta ya kilowati moja na nusu, na dirisha la nyumba ya vifaranga limezibwa na mbao tayari.

Zege la mita 8 zilizobaki tunamwaga mwezi ujao. Paipu zimeshafungwa, koki ya kutoa hewa iko juu kabisa ya kila mzunguko, na safari hii kuna sensa tatu kwa mstari mmoja, moja upande wa viazi, moja katikati ya zege, na moja nimeisukuma sentimita 40 ndani ya udongo wenyewe. Zote zimelala pamoja kwa thamosi usiku mzima kabla sijazifunga, na tofauti zao nimeziandika na wino kwa kila waya.